Kazi ya kwanza baada ya kidato cha nne: ninayoyaona nikiwa upande wa bosi

Wakala wa Rangi Tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wetu umefika. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, NECTA wanatoa matokeo Januari, na hata aliyefaulu vizuri anasubiri hadi Julai ndipo aripoti kidato cha tano. Hapo katikati kijana yupo tu nyumbani, anakula, analala, anashinda na simu. Kwa hiyo Disemba ikiingia simu yangu haipumziki. Shangazi wa mtu, jirani, mzee wa msikitini, wote wanaulizia kama kuna nafasi, "hata ya kumshikisha tu adabu".

Nina vibanda vya uwakala wa pesa za simu hapa Mbagala, na pembeni nauza chaja, kava na protekta. Vijana wanaosubiri matokeo wamepita kwangu wengi.

Hiyo adabu ndiyo imenifanya nianzishe uzi. Wazazi wanadhani kazi ya kwanza inamfundisha mtoto kuamka mapema na kuheshimu wakubwa. Kuamka anakujua ndani ya wiki moja, akishagombania daladala za alfajiri mara mbili tatu. Kilicho kigumu ni kukaa kutwa na pesa isiyo yako, na siku mambo yakiharibika, kusema mapema.

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Asubuhi kijana anakabidhiwa mtaji uliogawanyika: keshi ipo kwenye droo, floti, yaani pesa ya mtandao, ipo kwenye laini. Mteja akija kuweka, keshi inapanda na floti inashuka. Akija kutoa, kinyume chake. Jumla haibadiliki. Usiku ukijumlisha droo na laini zote, lazima upate kile ulichopewa asubuhi, maana kamisheni ina hesabu yake pembeni. Nimeona waliopata F ya hisabati wanaishika hesabu hii siku ya pili, na wenye B wanahangaika nayo. Sijui kwa nini, walimu wa humu watatuambia.

Siku ya kwanza namwambia: soma salio, usisome meseji. Tapeli anaweza kukutengenezea meseji inayofanana kabisa na ya mtandao, "umepokea" na jina la mtu na kila kitu, nawe ukachomoa keshi ukampa. Salio lako hawezi kulitengeneza. Halafu hela ishikwe kwanza ndipo utume. Kuna yule mteja anayekuja simu ikiwa sikioni, kavaa vizuri, haraka kibao: "Dogo niwekee laki mbili, hela ipo kwenye gari." Kijana wa miaka 17 amelelewa asimkatalie mkubwa. Akiambiwa "mdogo wangu" mara mbili ameshatuma, na gari halikuwepo. Hapo malezi ya nyumbani yanagongana na kazi. Lazima ajue kumwambia mtu mzima "samahani mzee wangu, naomba hela kwanza" bila kutetemeka wala kumvunjia heshima. Wengine inawachukua mwezi mzima.

Kuna na simu za "makao makuu": laini yako inafungwa leo, bonyeza hapa, ingiza namba ya siri. Hakuna mtandao unaomwomba wakala namba ya siri. Namba ya tapeli unaituma 15040, unaendelea na kazi.

Sasa kusema mapema. Kutuma kimakosa kunampata hata mkongwe, tarakimu moja tu ikigeuka. Kijana akiniambia papo hapo tunapiga huduma kwa wateja, na kama aliyepokea hajaitoa, kuna uwezekano mzuri hela ikazuiwa na kurudi. Akinyamaza hadi usiku, mwenzetu huko keshatoa, keshanunua unga na mafuta. Na wanaonyamaza si wezi. Wananyamaza wakitafuta namna ya kuziba.

Mmoja aliamua kuziba elfu 40 kwa mkeka wa kubeti. Alitumia laini ya kaka yake, kwa kuwa yeye hajafika 18. Akachukua elfu 45 za droo akaweka timu sita. Tano zikatoka. Ya sita mnaijua wenyewe. Usiku pengo likawa elfu 85.

Waliofanya kazi nyingine wakiwa na umri huo, karibuni. Ilikufundisha nini hasa? Ila tusiambizane bidii na uvumilivu, hayo yameshaandikwa kwenye kanga.

---

Saidia Fundi Mstaafu

Ngoja nikae siti ya mbele.

Mimi nilianzia kwenye zege, Dodoma, kipindi nyumba zinaota kila kona. Kilichonikaa kichwani ni kuuliza mapema nani ananilipa. Saidia fundi ana mabosi wawili. Jioni fundi anakwambia mwenye nyumba hajatoa hela. Ukimfuata mwenye nyumba anakwambia fundi nimeshamkabidhi zote za wiki. Wewe upo katikati na kandambili zako zimejaa saruji. Kuanzia hapo popote nilipokwenda nilikuwa nauliza mbele ya wote wawili, kabla sijashika koleo: posho ya leo inatoka kwa nani, saa ngapi? Unaonekana mjuaji, lakini jioni unaondoka na hela.

La pili sijui niliite somo. Zege la nguzo tuliambiwa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mwenye nyumba akiwepo tunapima. Akiondoka fundi ananiambia ongeza mchanga, na mifuko miwili ya saruji jioni inapanda pikipiki. Nina miaka 18, nasema nini? Yeye ndiye anayenipa posho. Sikusema kitu. Nikipita mtaa ule hadi leo naiangalia ile nguzo.

Kwa hiyo mkuu, kazi inafundisha na wizi. Mzazi anampeleka mtoto akashike adabu kumbe kuna mwalimu mwingine kule.

---

Mjukuu wa Bi Mkubwa

Wanaume mnaongelea hela tu. Naomba niongelee wasichana.

Nilipomaliza kidato cha nne niliuza vitenge dukani, Mwanza mjini. Kuuza nilikupenda. Nilijua mteja anayeshika kitambaa kwa vidole viwili hanunui, na anayekikunjua akajipima kiunoni umeshampata, hapo usishushe bei haraka. Mama mwenye duka alinifundisha kutomwambia mteja "hakuna". Unasema "cha rangi hiyo kimeisha, lakini angalia hiki". Hadi leo naitumia nikiongea na wateja ofisini.

Lakini kulikuwa na wateja wanaorudi kila siku bila kununua. Wanaomba namba. Wengine ni rafiki zake baba mwenye duka, huwezi kuwatimua. Mama yule alinipa maneno: "Namba ya duka ipo ukutani." Unayasema ukiwa unatabasamu, unamgeukia mteja mwingine. Yalinisaidia sana, kwa sababu msichana wa miaka 17 hana maneno yake mwenyewe ya kukataa. Anacheka cheka tu kwa aibu, na mwanaume anasoma kile kicheko anavyotaka yeye.

Na saa za kufunga. Msimu wa Krismasi duka lilikuwa linafungwa saa tatu, tatu na nusu usiku. Bi Mkubwa wangu alikwenda dukani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akasema mjukuu wangu anatoka saa kumi na mbili. Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alikuwa sahihi hata kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Mleta uzi, kibanda chako kinafungwa saa ngapi?

---

Sina Dogo

Uzi mzuri ila unanuka bosi.

Unasema kijana aseme mapema. Nikuambie kwa nini hasemi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kaunta ya duka la jumla, duka silitaji. Kikipungua kitu, unakatwa. Kreti ya soda ikivunjika chupa, unakatwa. Noti feki ikiingia, hata kama bosi mwenyewe ndiye aliyeipokea wakati mimi nimekwenda kula, nakatwa mimi. Mwisho wa mwezi ananifungulia daftari: mshahara laki moja, makato elfu tisini na kitu. Nikaondoka na hela ya nauli.

Mwezi wa pili nikawa mtaalamu. Chupa ikivunjika naisukumia nyuma ya kreti. Noti feki naipitisha kwenye chenji ya mteja mwenye haraka. Hakuna aliyenifundisha, ila yale makato ndiyo yalikuwa darasa. Mabosi wanalia vijana si waaminifu, wakati siku ya kwanza tu wamemwonyesha mtoto kwamba ukweli una bei na anailipa yeye.

Huyo dogo wa mkeka, kabla hujamcheka tuambie: angekuambia mchana ule kwamba kuna elfu 40 imepotea, ungemfanya nini?

---

Wakili wa Kijiweni

Sina Dogo kaongea, mimi niongeze kifungu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara kufidia hasara kienyeji. Hasara iwe imetokea mfanyakazi akiwa kazini na kwa kosa lake. Aandikiwe ni nini kilitokea, kiasi gani, kimehesabiwaje. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Yale makato ya elfu tisini kwenye laki moja hayana mguu wa kusimamia.

Umri: chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia shule. Migodini, viwandani, melini na popote penye hatari, hadi afike 18, na sheria inataja hata sehemu zisizo rasmi na mashamba. Kwa hiyo kibanda kinaingia, Kariakoo inaingia. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu.

Madai ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 60. Akiwa ameachishwa kazi, 30. Najua kijana wa kazi ya miezi sita hatakwenda huko, anaona aibu na anataka yaishe. Lakini akijua tu kwamba robo ipo kwenye sheria, ataongea na bosi akiwa amenyooka mgongo.

---

Baharia wa Likoni

Hamjambo majirani. Huku Mombasa ni hayo hayo. KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, huisha Novemba, na Disemba ndio msimu wa hoteli za pwani, basi vijana wengi huanzia huko. Mimi nilioshea vyombo hoteli moja ya kusini.

Bakshishi zote ziliingia sanduku moja, likifunguliwa Jumamosi mbele ya watu na kugawanywa hadi kwa sisi wa vyombo ambao mgeni hajawahi kutuona. Waita wengine walikuwa wakinung'unika, wanasema wao ndio waliochekewa na mgeni. Mpishi mkuu akawajibu, "Mwende basi mkampe mgeni sahani chafu tuone kama atawacheka." Siku ile nilijiona mtu. Hadi leo nikienda kula mahali huwauliza kama za jikoni huwafikia.

---

Wakala wa Rangi Tatu (mleta uzi)

Nimesoma zote. Nijibu kwa mpangilio wangu.

Mjukuu wa Bi Mkubwa kwanza. Walio chini ya miaka 18 kwangu wanatoka saa kumi na moja jioni, anaingia mtu mzima. Si wema mtupu: ikianza giza ndipo vibaka wanapita vibandani, na laini zile zimesajiliwa kwa jina langu.

Sina Dogo, swali lako ni zuri kuliko uzi wangu. Utaratibu wa kwangu ni huu, na vijana wanausikia siku ya kwanza. Ukikosea ukasema kabla ya saa sita mchana, tunahangaika pamoja, na kisiporudi tunagawana nusu kwa nusu. Ukinyamaza nikagundua mwenyewe usiku, ni yako yote. Tangu niuweke, simu za mchana zimeongezeka. Wananipigia hata kwa elfu mbili, nachoka nazo, lakini nazitaka.

Dogo wa mkeka alinyamaza, kwa hiyo ilikuwa yake yote, elfu 85. Sikumfukuza. Nilimtoa kwenye floti nikamweka upande wa chaja na kava, akawa anakatwa kidogo kidogo. Kumbe kule ndiko kipaji kilikokuwa. Aliuza protekta kwa watu waliokuja kutoa hela tu, kwa kuwaambia "mama, kioo chako kina ufa, nikuonyeshe?" Julai alikwenda kidato cha tano deni limeisha.

---

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, hiyo "ni yako yote" irekebishe. Hata akinyamaza, kwa mwezi huvuki robo, na uiandike. Na kugawana nusu kwa jambo ambalo si kosa lake, mfano mtandao ulisumbua, sheria haikuruhusu hata shilingi.

---

Wakala wa Rangi Tatu (mleta uzi)

Kuandika sawa, daftari lipo, anaandika mwenyewe kilichotokea na anasaini. Robo nayo ninaiheshimu, ndiyo maana ilichukua miezi. Ila tuwe wakweli. Kijana wa laki moja na nusu, robo ni 37,500. Akipoteza laki tatu mwezi Mei, Julai anaondoka na deni langu. Nani ananifidia? Sheria iliandikwa ikimfikiria mfanyakazi wa kudumu na kampuni. Mimi kibanda changu kikipoteza laki tatu mara mbili, kimefungwa.

---

Sina Dogo

Ndiyo biashara hiyo mkuu. Faida ikija huwa mnagawana robo?

---

Saidia Fundi Mstaafu

Hahaha, mleta uzi kashikwa pabaya.

Ila kweli, suluhisho ni mtaji. Usimpe mgeni milioni siku ya kwanza. Mpe kidogo, hesabu yake ikitimia mara nyingi unaongeza. Fundi wangu pamoja na wizi wake hakuwahi kumpa saidia mpya pima maji, maana kikianguka ni hela yake.

---

Wakala wa Rangi Tatu (mleta uzi)

Hilo nalifanya. Wiki za mwanzo anakaa na mkongwe, haweki wala hatoi zaidi ya elfu 50 bila kuangaliwa. Ubaya wake wateja wakubwa wanahama kibanda cha jirani.

---

Mama wa Igoma

Jamani nisaidieni, nimeona hapa kuna watu wanajua. Kijana wangu amepata kazi ya duka la simu mjini. Bosi anasema alete cheti chake cha kuzaliwa chenyewe, si nakala, akae nacho kama dhamana mpaka atakapoacha kazi. Mimi moyo unasita, yeye ananiambia mama utanikosesha kazi.

---

Wakili wa Kijiweni

Mama, moyo wako uko sahihi. Cheti kinathibitisha yeye ni nani, hakiwezi kulipa hasara ya duka. Kikikaa kwa bosi, siku wamegombana kijana hawezi kuondoka, na atakihitaji akienda shule na akiomba mkopo wa chuo. Mpeni nakala, na halisi aioneshe kisha arudi nacho. Kama bosi anataka uhakika, aombe barua ya serikali ya mtaa na mdhamini mmoja anayejulikana. Hiyo ndiyo kawaida ya maduka mengi.

---

Mjukuu wa Bi Mkubwa

Mama nenda naye mwenyewe. Ataona aibu kama nilivyoona mimi, itapita. Na muulize bosi siku hiyo hiyo mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi na duka linafungwa saa ngapi. Akikasirika kwa maswali hayo mbele yako, fikiria kijana akiwa peke yake.

---

Wakala wa Rangi Tatu (mleta uzi)

Mimi ni bosi na naunga mkono. Kwangu ni nakala, barua ya mtaa na namba ya mzazi. Namba ya mzazi inanisaidia kuliko cheti chochote, maana kijana akijua naweza kumpigia mama yake, yeye ndiye anakuwa wa kwanza kuniambia.

---

Mama wa Igoma

Nimekwenda leo mchana. Kakataa nakala, kasema wenzake wote wameacha vyeti halisi, hata kabati alinionyesha. Nimeondoka na mwanangu, njia nzima hakunisemesha. Kuna duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Igoma wanatafuta wa kuandika risiti na kuhesabu mifuko inayoshuka kwenye lori, wao wameomba barua ya mtaa tu. Mshahara ni pungufu kwa elfu 30, lakini anakwenda kwa miguu na wanafunga saa kumi na mbili. Asubuhi tunakwenda kwa mtendaji. Na wewe Saidia Fundi, nitamwambia ahesabu na ile mifuko inayopanda pikipiki.